Lugha ya Urubani na Sikio la Asiye Mtaalamu: Historia Fupi ya Istilahi za Ndege na Funzo Lake kwa Afrika Mashariki

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya istilahi za urubani kwa kuangalia namna zilivyotumika ndani ya taaluma na namna zilivyotumika kujibu maswali ya watu wasio wataalamu. Yanadai kwamba tangu katikati ya karne ya 20, taaluma ya usafiri wa anga imejijengea nidhamu kali ya kuhakikisha kuwa msikilizaji ameelewa, lakini nidhamu hiyo imeishia katika chumba cha marubani na mnara wa kuongozea ndege. Abiria, jamaa wa marehemu, mwandishi wa habari na mtunga sera hawakuhesabiwa kuwa wasikilizaji. Kwa kutumia mfano wa dhana moja, yaani bawa kupoteza nguvu ya kunyanyua, na ajali tatu za mwaka 2000, 2009 na 2019, makala yanaonyesha hasara ya pengo hilo. Mwisho yanapendekeza utaratibu wa kujibu maswali ya umma kwa Kiswahili katika nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Maneno makuu: istilahi, urubani, asiye mtaalamu, ajali za ndege, Kiswahili

1.0 Utangulizi

Ndege inapoanguka, maswali ya kwanza huulizwa kwa maneno ya kawaida. Imeanguka kwa nini? Rubani alifanya nini? Waliokuwamo wangeweza kuokolewa? Majibu huja baadaye, na mara nyingi huja kwa lugha nyingine. Hata pale msemaji anapotumia Kiswahili, uzito wa jibu hubebwa na istilahi za kigeni ambazo muulizaji hana njia ya kuzifungua. Muulizaji huondoka akiwa amejibiwa lakini hajaelezwa.

Tatizo hili si la adabu ya mazungumzo tu. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya abiria aina ya ATR 42 iliyokuwa ikienda Bukoba ilianguka katika Ziwa Viktoria ikikaribia kutua. Ilikuwa na watu 43, na 19 kati yao walipoteza maisha. Miongoni mwa watu wa kwanza kufika walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Tukio hilo linamkumbusha mtafiti wa lugha kwamba asiye mtaalamu si mtazamaji wa mbali. Anaweza kuwa abiria anayetakiwa kuufungua mlango wa dharura, mvuvi anayeukaribia mlango huohuo kutoka nje, au mzazi anayesubiri kuambiwa kilichotokea. Kila mmoja wao anahitaji lugha anayoweza kuitendea kazi.

Makala haya yanauliza swali moja la kihistoria: taaluma ambayo imelipa gharama kubwa kujifunza umuhimu wa kueleweka, imekuwaje isieleweke na watu inaowahudumia? Jibu linatafutwa katika hatua tatu: asili ya istilahi zenyewe, mageuzi ya lugha ndani ya taaluma, na hali ya lugha hiyo inapotoka nje.

2.0 Mhimili wa Kinadharia

Mjadala unaongozwa na mitazamo miwili. Wa kwanza ni wa Allan Bell (1984), anayeona kwamba msemaji huunda mtindo wake kwa kuitazama hadhira. Bell anawapanga wasikilizaji kwa ngazi: mlengwa anayesemeshwa moja kwa moja, msikilizaji anayetambuliwa kuwa mshiriki, msikiaji wa pembeni anayejulikana kuwapo lakini hahesabiwi, na msikiaji asiyejulikana kuwapo. Hoja ya makala haya ni kwamba mtaalamu wa ndege anapojibu swali la umma, mara nyingi humwelekea muulizaji kwa uso lakini humlenga mtaalamu mwenzake kwa maneno. Muulizaji anageuzwa kuwa msikiaji wa pembeni wa jibu la swali lake mwenyewe.

Mtazamo wa pili unatoka katika taaluma ya istilahi. Eugen Wüster, mhandisi wa Austria aliyeweka misingi ya taaluma hiyo katika karne ya 20, alisisitiza kuanza na dhana na kumalizia na jina. Kwanza ijulikane ni kitu gani kinachozungumzwa, mipaka yake iko wapi, ndipo kipewe neno. Kuanzia miaka ya 1990, M. Teresa Cabré na wenzake walikosoa sehemu ya mtazamo huo wakieleza kuwa istilahi huishi katika mawasiliano na hubadilika kulingana na watumiaji. Mitazamo hii miwili inakubaliana katika jambo moja muhimu hapa: neno si mbadala wa dhana. Kumtajia mtu istilahi si kumpa maarifa yaliyomo ndani yake.

3.0 Maneno ya Watu Yaliyogeuka Istilahi

Ndugu Orville na Wilbur Wright waliporusha ndege yao yenye injini karibu na Kitty Hawk tarehe 17 Desemba 1903, safari ya kwanza ilidumu sekunde 12. Katika miaka iliyofuata Ufaransa ilishika nafasi kubwa katika ufundi huo, na ndiyo maana maneno mengi ya msingi ya ndege yametokana na Kifaransa. Kiwiliwili cha ndege kiliitwa fuselage, kutokana na jina la kijiti cha kusokotea uzi, kwa kuwa umbo lake lilifanana nacho. Kipande cha ubawa kinachoiwezesha ndege kulalia upande kiliitwa aileron, yaani kijibawa. Sehemu ya mkia iliitwa empennage, neno linalohusiana na manyoya yanayofungwa katika mshale. Jengo la kuhifadhia ndege liliitwa hangar, yaani kibanda.

Kwa msikilizaji wa Kifaransa wa wakati huo, maneno haya yalikuwa taswira za nyumbani. Giza liliingia yalipohamia katika Kiingereza, ambako kijiti na kijibawa havikuonekana tena. Kutoka Kiingereza yalifika Afrika Mashariki yakiwa yamefungwa mara mbili. Wito wa dharura wa mayday una historia kama hiyo. Ulipendekezwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 na Frederick Mockford, afisa wa redio katika uwanja wa Croydon, London, kwa sababu ndege nyingi zilisafiri kati ya uwanja huo na Paris. Ni matamshi ya Kiingereza ya maneno ya Kifaransa yenye maana ya "nisaidieni". Neno ambalo leo linasikika kama siri ya marubani lilianza kama kilio ambacho mtu yeyote angekielewa.

Kiswahili kilipita njia tofauti kidogo. Usafiri wa anga wa kibiashara uliingia katika eneo hili mapema: kampuni ya Wilson Airways ilianzishwa Nairobi mwaka 1929, na mwaka 1931 Imperial Airways ilifungua njia kutoka London hadi Mwanza. Watu wa pwani na wa maziwa walikipa chombo kipya majina kutoka katika hazina waliyokuwa nayo. Rubani, ambaye kabla ya hapo alikuwa kiongozi wa chombo cha baharini, alipanda angani na jina lake. Neno la Kiingereza kwa kazi hiyohiyo lilifanya safari ileile kutoka baharini. Nahodha alibaki katika jahazi, na baadaye akapata kazi nyingine katika timu za mpira. Abiria aliendelea kuwa abiria. Kiwanja, yaani mahali palipofyekwa na kusawazishwa, kikawa kiwanja cha ndege.

Neno ndege lenyewe lina funzo kubwa zaidi. Neno eropleni lilijulikana, lakini watu waliendelea kumtumia ndege wa mtini. Utata ambao ungetarajiwa haukutokea kwa sababu sarufi iliutatua: ndege ameruka ni kiumbe, ndege imeruka ni chombo. Upatanisho wa kisarufi, ambao kila mzungumzaji anaujua tangu utotoni, ulifanya kazi ambayo kamati ingeweza kuitafutia istilahi mpya. Huu ni ushahidi kwamba Kiswahili cha watu wa kawaida kina uwezo wa kubeba dhana ngeni kwa usahihi, mradi dhana hiyo iwe imeonekana.

Hata hivyo, ubunifu huo ulikoma mlangoni pa chumba cha marubani. Shirika la East African Airways lilianza kazi mwaka 1946 na kuvunjika mwaka 1977. Katika kipindi hicho na baada yake, mafunzo ya urubani na uongozaji ndege, yakiwamo yale ya Nairobi na Soroti, yaliendeshwa kwa Kiingereza. Kukazuka mgawanyo wa kazi ambao bado upo: maneno ya kusafiri ni ya Kiswahili, maneno ya kurusha ni ya Kiingereza. Mashariki mwa Kongo na Burundi mgawanyo ni uleule, isipokuwa upande wa pili unashikiliwa na Kifaransa. Ndiyo kusema kwamba Waswahili wawili, mmoja wa Bukavu na mwingine wa Nakuru, wakielezwa sababu ya ajali moja kwa istilahi, hawataweza hata kuelezana wenyewe.

4.0 Ndani ya Taaluma: Nidhamu ya Kumjali Msikilizaji

Mkataba wa Usafiri wa Anga wa Kimataifa ulitiwa saini Chicago tarehe 7 Desemba 1944, na shirika lililotokana nao, ICAO, lilianza kazi rasmi mwaka 1947 likiwa na makao yake Montreal. Miongoni mwa kazi zake za mwanzo ilikuwa kutafuta majina ya herufi yatakayosikika vizuri redioni kwa watu wa lugha mbalimbali. Mwanaisimu Jean-Paul Vinay wa Chuo Kikuu cha Montreal alishiriki katika utafiti huo, na orodha iliyokubaliwa ilianza kutumika tarehe 1 Machi 1956. Jina la herufi A liliandikwa Alfa, kwa f, ili asiyejua tahajia ya Kiingereza asilitamke vingine. Jina la herufi J, Juliett, liliongezewa t ya pili ili msomaji wa Kifaransa asiinyamazishe ile ya mwisho. Hapa taaluma haikumtaka msikilizaji ajifunze mazoea ya msemaji. Ilibadili tahajia ya msemaji ili kumfuata msikilizaji.

Masomo mengine yalinunuliwa kwa damu. Tarehe 27 Machi 1977, katika uwanja wa Los Rodeos, Tenerife, ndege mbili kubwa aina ya Boeing 747, moja ya KLM na nyingine ya Pan Am, ziligongana katika ukungu na kuua watu 583. Rubani msaidizi wa KLM alisema kwa Kiingereza jambo lenye maana ya "sasa tuko kwenye kuruka". Mwongoza ndege aliyafahamu maneno hayo kuwa ndege iko mahali pake ikisubiri ruhusa, akaitikia na kuiambia isubiri. Wakati huohuo Pan Am nao walisema kuwa bado wako njiani. Sauti mbili zilipokutana redioni ukatokea mlio, na onyo halikusikika sawasawa. Baada ya ajali hiyo ulianzishwa utaratibu wa kulihifadhi neno la kuruka litumike pale tu ruhusa ya kuruka inapotolewa au kufutwa, na kurudia maagizo neno kwa neno kukatiliwa mkazo. Anayepokea agizo hulirudia, na aliyelitoa husikiliza marudio hayo ili asahihishe kosa. Katika utaratibu huu, kusema hakujakamilika mpaka ithibitike kuwa mwenzako ameelewa.

Ajali ya Avianca namba 52, tarehe 25 Januari 1990, ilionyesha upande mwingine. Ndege hiyo kutoka Kolombia ilicheleweshwa kwa muda mrefu angani kabla ya kujaribu kutua New York. Marubani walieleza kwamba mafuta yanawaishia na waliomba kipaumbele, lakini hawakulitumia neno rasmi la kutangaza dharura. Waongoza ndege, waliozoea kutenda kwa kufuata maneno rasmi, hawakuiona hatari kwa ukubwa wake. Mafuta yaliisha, ndege ikaanguka Long Island, na watu 73 kati ya 158 wakafa. Kila upande ulisema ukweli, lakini uzito wa ukweli huo haukuvuka.

ICAO ilijibu mfululizo wa ajali za aina hii kwa kupitisha, mwaka 2003, masharti ya umahiri wa lugha kwa marubani na waongoza ndege, yaliyoanza kutumika Machi 2008. Masharti hayo hayakuishia katika misemo rasmi. Yanamtaka mhusika aweze pia kuzungumza lugha ya kawaida, kwa kuwa hakuna orodha ya misemo inayoweza kuitangulia kila hatari. Taaluma yenyewe, kwa hiyo, imekiri kwamba jambo linapokuwa zito na geni, istilahi hazitoshi hata baina ya wataalamu.

5.0 Nje ya Taaluma: Dhana Moja, Ajali Tatu

Nidhamu hiyo haikuvuka mipaka ya taaluma. Mfano mzuri ni neno ambalo marubani hulitumia karibu kila siku ya mafunzo yao: stoli. Katika Kiingereza cha kila siku neno hilo husemwa kuhusu gari ambalo injini yake imezimika. Katika urubani halihusu injini. Bawa hunyanyua ndege kwa sababu hewa hupita juu na chini yake kwa mpangilio. Ndege ikiinua pua kupita kiasi kwa kulinganisha na mwelekeo wa hewa inayoikabili, hewa ya juu ya bawa hubanduka na kuvurugika, na bawa hupoteza sehemu kubwa ya nguvu ya kunyanyua. Injini zinaweza kuwa zinanguruma kwa nguvu zote na bado ndege ikawa inashuka. Tiba yake ni kuishusha pua ili hewa ishikane tena na bawa, na tiba hiyo inahitaji nafasi ya kutosha chini ya ndege.

Tarehe 30 Januari 2000, ndege ya Kenya Airways namba 431, aina ya Airbus A310, iliruka usiku kutoka Abidjan kuelekea baharini. Mara tu baada ya kuruka, king'ora cha stoli kililia. Uchunguzi ulihitimisha kuwa ndege haikuwa katika hali hiyo, bali tahadhari ilikuwa ya uongo. Rubani aliyekuwa akiendesha aliishusha pua, na ndege ikaingia baharini. Watu 169 walikufa na 10 wakanusurika.

Tarehe 1 Juni 2009, ndege ya Air France namba 447 ilipotea katika Atlantiki ikitoka Rio de Janeiro kwenda Paris, ikiwa na watu 228. Vipimo vya mwendo viliziba kwa barafu kwa muda mfupi, mitambo ya kujiendesha ikajitoa, na pua ya ndege ikainuliwa. Safari hii king'ora kilisema kweli, lakini pua haikushushwa kiasi cha kuiokoa. Ripoti ya mwisho ya wachunguzi wa Ufaransa ilitolewa Julai 2012. Injini zilikuwa zikifanya kazi mpaka ndege ilipogonga maji.

Tarehe 10 Machi 2019, ndege ya Ethiopian Airlines namba 302, aina ya Boeing 737 MAX, ilianguka karibu na Bishoftu ikielekea Nairobi. Watu 157 walikufa, 32 kati yao wakiwa Wakenya. Kipimo kimoja kilitoa taarifa potofu kuhusu pembe ya bawa na hewa, na programu ya ndege iliyojulikana kwa kifupisho cha MCAS ikaisukuma pua chini mara kwa mara. Zaidi ya miezi minne kabla, tarehe 29 Oktoba 2018, ndege ya aina hiyo ya Lion Air ilikuwa imeanguka Indonesia na watu 189. Kabla ya ajali hiyo ya kwanza, programu hiyo haikuwa imeelezwa katika vitabu vya maelekezo vya marubani.

Ajali hizi tatu zinafungamana kwa dhana moja. Katika ya kwanza, pua ilishushwa pasipo haja kwa sababu ya onyo la uongo. Katika ya pili, haikushushwa palipokuwa na haja. Katika ya tatu, mashine iliishusha yenyewe kwa kuamini kipimo kibovu. Anayeielewa dhana anaona mara moja kwamba maswali ya uwajibikaji ni tofauti kabisa: ubora wa mfumo wa tahadhari na mafunzo, mafunzo ya kutambua hali halisi, na usanifu pamoja na ufichaji wa taarifa. Aliyelipokea neno bila dhana atafikiri kwamba injini zilizimika mara tatu. Mzazi wa marehemu aliyeambiwa kwamba "rubani aliitikia king'ora cha stoli" hawezi kuuliza swali linalofuata, ambalo ndilo la haki yake: kwa nini king'ora kilidanganya?

Hapo ndipo istilahi inapoacha kuwa chombo cha maarifa na kuwa ukuta. Mtu asiyeweza kuuliza swali la pili amenyimwa nafasi ya kudai. Mfano wa MCAS unaonyesha kuwa ukuta huo unaweza kuinuliwa hata mbele ya marubani. Jambo lisilotajwa kwa wanaolitumia na jambo linalotajwa kwa jina lisilofunguka huishia mahali pamoja: mhusika hajui kinachomkabili.

6.0 Maneno Yanayofanana na ya Kawaida

Ugumu si wa maneno mageni peke yake. Yapo maneno ya kawaida ambayo taaluma imeyapa mipaka yake, na haya hupotosha zaidi kwa kuwa msikilizaji hajui kwamba hakuelewa. Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago, kilichopitishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1951, kinatofautisha ajali na tukio. Kwa ufupi, ajali huhusisha kifo au jeraha kubwa, uharibifu mkubwa wa ndege, au ndege kutoweka. Hali nyingine zinazogusa usalama huitwa matukio, na kati yake yamo matukio makubwa yaliyokaribia sana kuwa ajali. Katika Kiswahili, tukio ni neno pana linaloanzia harusi hadi msiba. Abiria aliyeponea chupuchupu akisikia safari yake ikiitwa "tukio", huona hofu yake imepuuzwa. Msemaji anadhani ametumia neno sahihi kisheria, naye msikilizaji anasikia dharau.

Ripoti ya awali ni mfano mwingine. Kiambatisho hicho kinaitaka nchi inayochunguza itume ripoti ya aina hiyo ndani ya siku 30, na pia kinaeleza kuwa shabaha ya uchunguzi ni kuzuia ajali nyingine, si kumtafuta wa kulaumiwa. Ripoti ya awali kwa kawaida hueleza mambo yaliyokwisha kuthibitika bila kutoa hukumu juu ya chanzo. Umma, usipoelezwa hivyo mapema, huisoma kama hukumu iliyofichwa au kama njia ya kukwepa hukumu. Hata kisanduku cheusi, ambacho kila mtu anakitaja, kina rangi ya chungwa ili kionekane katika mabaki. Kosa hilo dogo halina madhara, lakini linaonyesha jinsi jina linavyoweza kuzoeleka bila kitu chenyewe kujulikana.

7.0 Hoja ya Usahihi

Wataalamu wana hoja ya kujitetea, nayo ni ya haki. Istilahi hulinda usahihi. Anayesema "injini ilizimika" ili kurahisisha, amedanganya. Anayesema "rubani alikosea" amemhukumu mtu ambaye huenda amekufa na hawezi kujibu. Kurahisisha kunaweza kuzaa uvumi, na uvumi unaweza kuharibu uchunguzi au kesi. Hoja hii inaeleza kwa nini wasemaji wengi hukimbilia lugha ya ripoti.

Hata hivyo, hoja inachanganya mambo mawili. Kurahisisha maneno si kupunguza ukweli. Maelezo ya stoli yaliyotolewa katika sehemu ya tano hayakutumia istilahi hata moja baada ya jina lenyewe, na hayakuacha jambo la msingi. Yamerefuka, na urefu ndiyo bei yake. Istilahi ni ufupisho kwa watu walioshiriki mafunzo, na ufupisho huo hauna faida kwa asiyekuwa na kile kilichofupishwa. Zaidi ya hayo, kimya cha istilahi hakizuii uvumi. Mahali ambapo maelezo rasmi hayaeleweki, watu hujaza pengo kwa yale wanayoyaelewa, hata kama si ya kweli.

8.0 Mapendekezo na Hitimisho

Historia iliyojadiliwa inatoa mapendekezo manne kwa mamlaka za usafiri wa anga na vyombo vya lugha vya eneo hili.

Kwanza, kila jibu kwa umma lianze na dhana na limalizie na jina. Istilahi isifichwe, kwa kuwa muulizaji ana haki ya kuijua ili aweze kufuatilia ripoti, lakini ije ikiwa imekwisha kufunguliwa.

Pili, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iliyoko Zanzibar, ikishirikiana na wakala wa usalama wa usafiri wa anga wa Jumuiya ulioko Entebbe na mabaraza ya lugha kama BAKITA, iandae orodha fupi ya dhana zinazorudi katika kila ajali. Kila dhana ipewe maelezo ya sentensi mbili au tatu za Kiswahili kabla ya kupewa istilahi. Maelezo hayo yawafae wanaotoka katika Kiingereza na wanaotoka katika Kifaransa. Orodha isiyozidi dhana hamsini, inayotumika, ina thamani kuliko kamusi kubwa iliyobaki kabatini.

Tatu, kila ripoti ya uchunguzi iambatane na muhtasari wa Kiswahili unaotenganisha mambo matatu: yaliyothibitika, yanayochunguzwa, na yasiyo kazi ya uchunguzi huo, kama vile lawama na fidia, pamoja na mahali ambapo hayo yanaweza kupelekwa.

Nne, utaratibu wa kurudia maagizo uhamishiwe kwa umma. Kabla taarifa haijatolewa, isomwe na watu wachache wasio wataalamu, nao waieleze tena kwa maneno yao. Wakikosea, irekebishwe taarifa, wasirekebishwe wao. Ndivyo mwongoza ndege anavyofanya kila siku anaposikiliza marudio ya rubani.

Makala haya yameonyesha kwamba pengo kati ya lugha ya urubani na masikio ya umma halikuzaliwa na ugumu wa sayansi ya ndege. Istilahi nyingi zilianza kama taswira za kawaida, Kiswahili kilizipokea dhana za mwanzo za usafiri wa anga bila shida, na taaluma yenyewe inajua namna ya kuhakikisha kuwa ujumbe umefika. Kilichokosekana ni uamuzi wa kumhesabu asiye mtaalamu kuwa msikilizaji. Uamuzi huo ni wa kisera, hauhitaji mitambo mipya, na unapaswa kufanywa kabla ya ajali nyingine, kwa sababu baada ya ajali muda wa kutafuta maneno huwa umekwisha.